Nyasi ya Kikuyu: Kupanda ni Rahisi, Kusubiri Ndiko Kugumu

Viwanja vingi vya mtaani Kibera na Kawangware vina upara katikati. Mbele ya magoli ni vumbi wakati wa kiangazi na tope mvua ikinyesha, ilhali pembeni, karibu na ua au mtaro, nyasi imestawi bila kupandwa na mtu. Mara nyingi hiyo ni nyasi ya Kikuyu, na ndiyo inayoweza kurudisha kijani katikati.

Nyasi hii ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake latokana na nchi ya Wakikuyu. Ilivushwa hadi Afrika Kusini, Australia na Marekani. Kwenye uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles, mabingwa wa dunia hucheza juu yake, ingawa serikali ya Marekani imeiorodhesha miongoni mwa magugu hatari. Sifa na lawama zina chanzo kimoja: hutambaa. Mashina yake hupita juu na chini ya udongo, na kila kifundo kinachopata unyevu chaweza kuota mizizi. Viatu vikiyamaliza majani, mashina ya chini huchipua upya.

Kwa hivyo si lazima kununua mbegu. Vipande vyenye vifundo viwili au vitatu vyatosha, vikipandwa kama sentimita 30 kutoka kimoja hadi kingine mvua ya Machi au Oktoba inapoanza. Kwanza udongo ulioshindiliwa na miguu uchimbuliwe kwa fokojembe. Ukiachwa mgumu kama sakafu, maji hutiririka tu na mizizi haishiki.

Ugumu ni miezi miwili au mitatu inayofuata, ambapo mpira haufai kuchezwa hapo. Mitaa hii haina nafasi ya ziada. Kufunga kiwanja chote ni kuwasukuma watoto barabarani. Afadhali kufunga nusu, mechi ndogo zichezwe nusu ya pili, kisha kubadilishana msimu ujao. Magoli nayo yasogezwe mara kwa mara. Panapofanyika pia mikutano ya hadhara, kama Kamukunji huko Kibera, siku moja ya umati yaweza kufuta kazi ya msimu mzima.

Kivulini nyasi hii hukonda, hata ipandwe mara ngapi.

Wanaolima sukuma wiki karibu na kiwanja wana haki ya kuiogopa. Inapoingia kwenye tuta, ing'olewe na mashina yake ya chini, yakaushwe juani kabla ya kutupwa kwenye mboji. Kwa ng'ombe na mbuzi ni lishe nzuri, ila iliyoota kando ya mtaro wa majitaka isikatwe.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vifaa vya michezo ni jukumu la kaunti. Kikundi kinachotaka kufunga nusu ya kiwanja cha umma kianzie ofisi ya wadi, kabla ya kusimamisha uzio.