Kuulizwa Mmoja Mmoja

Mei 2015, kijiji cha Kagunga mkoani Kigoma, kipande chembamba cha ufukwe kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kilifurika makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao. Kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba ilisimama mbali na ufukwe, na watu wakapelekwa melini kwa boti ndogo, watoto wakipokelewa mikono kwa mikono. Pale nani angeketi na kila mtu kumhoji kwa kirefu sababu za kukimbia?

Haikuhitajika. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtazama mkimbizi mmoja mmoja: ana hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliupanua mlango huo. Anayelazimika kukimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa naye ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi. Ndiyo maana Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inamruhusu waziri kutangaza kundi zima kuwa wakimbizi. Ukijulikana u wa kundi hilo, unaandikishwa.

Januari 2017 Tanzania iliufuta utaratibu huo kwa Warundi waliokuwa wakiingia. Kuanzia hapo kila mmoja akatakiwa kujieleza peke yake.

Serikali ina haki ya kuchuja. Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara kwa takriban siku moja, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua katika mauaji ya kimbari. Mkataba wa 1951 wenyewe unawanyima ulinzi watu wa namna hiyo. Ila kumsaka muuaji aliyejificha kwenye umati ni kazi moja; kumbebesha kila mama mzigo wa kuthibitisha hofu yake ni nyingine kabisa, na naona hizi mbili huchanganywa mno.

Chumba cha mahojiano kina ugumu wake. Ofisa anauliza tarehe. Mama aliyetoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni anakumbuka kwamba mahindi yalikuwa kiunoni. Mkalimani anakadiria mwezi. Mara ya pili anakadiria mwingine, na faili linaandikwa kuwa maelezo yanapingana. Mama hakudanganya.

Na jibu likichelewa, ulinzi haungoji. Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951 inakataza kumrudisha mtu penye hatari, na inamhusu hata ambaye hajapewa karatasi, kwani ukimbizi wake ulianza alipovuka mpaka. Kazi ya kwanza pale mpakani, basi, ni kuandika jina lake na kumpa mtoto maji safi. Maswali yafuate wakishalala usiku mmoja bila kukimbia.