Usikimbilie Kuchua Kila Mguu Unaouma

Mwezi Februari 1998 huko Nagano, Japani, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka Kenya, Philip Boit, alishiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja pale mwisho akamkumbatia. Theluji haijali kwamba wewe ni mwanariadha. Huipa misuli kazi isiyoizoea.

Leo wapo wenzetu walio masomoni au kazini Norwei, Ujerumani na Uswisi ambao baridi ikifika hualikwa na marafiki kwenda kuteleza. Jioni hurudi wakichechemea, na kesho yake ngazi hazishukiki. Kwa nini?

Kwanza, buti. Buti la skii za mlimani ni la plastiki ngumu, nalo hukibana kifundo cha mguu kisicheze. Anayejifunza, kwa kuogopa mteremko, huegemea nyuma. Hapo misuli ya mbele ya muundi huvuta vidole juu kutwa nzima, na mfupa hugongwa na buti. Dawa ni kukunja magoti na kuegemea mbele kidogo. Vaa soksi moja tu ndefu isiyo na mikunjo. Wakati wa mapumziko fungua vifungo vya buti, uchezeshe vidole. Skii za tambarare, kama zile za Boit, zina buti laini na kisigino huinuka. Huko mashavu ya miguu ndiyo yanayousukuma mwili mbele.

Pili, kazi ngeni huiumiza misuli kidogo kidogo kwa ndani. Maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 24, huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua yenyewe, na kwa kawaida wiki haiishi kabla hayajatoweka. Wapo wasemao ni asidi iliyoganda misulini. Sivyo, asidi hiyo huondoka katika muda wa saa moja au mbili tu.

Basi afanyeje mwenye kuumwa? Asilale kitandani siku nzima. Atembee polepole, aoge maji ya vuguvugu, akandwe kwa mkono mwepesi. Kisha asimame akiushika ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini na goti limenyooka, ahesabu hadi 30. Arudie goti likiwa limekunjwa kidogo, maana shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa, na ule wa ndani hunyooka vizuri goti likikunjwa. Avute taratibu, akisikia uchungu mkali, aache.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Mtu akitoka mlimani hupanda basi, kisha ndege ya saa nyingi. Kukaa muda mrefu bila kujongea kunaweza kugandisha damu katika mshipa wa mguu. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto, likauma au kubadilika rangi, usilichue! Donge la damu linaweza kung'oka likaenda mapafuni na kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukiishiwa pumzi au kubanwa kifua, usingoje hata dakika.

Vivyo hivyo baada ya kuanguka au kugongwa: mguu ukiwa mgumu kama ubao, maumivu yakizidi kila saa na vidole vikifa ganzi, hiyo ni dharura. Na ukisikia mlio nyuma ya kisigino kisha ukashindwa kusimama kwa ncha za vidole, huenda kano imekatika.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mchuaji, jiulize: ni miguu yote miwili au mmoja? Umevimba? Maumivu yanapungua au yanaongezeka? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia uende bafuni au hospitali.