Je, Mchezaji wa Sataranji Abadili Mchezo Wake wa Asili?

Muhula huu chama chetu cha sataranji, au chesi kama wengine waiitavyo, kimekuwa na ubishi mkubwa. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili, wote washambuliaji, wameambiwa na wakubwa wao kwamba hawatatiwa katika timu ya shule mpaka waache kushambulia na kuanza kucheza kwa utulivu. Sasa wasema afadhali waache mchezo kabisa. Jambo hili lafaa kuamuliwa kwa hoja, si kwa amri.

Mchezo wa asili wa mtu ni ule ambao akili yake huukimbilia yenyewe. Mmoja akiona mfalme wa adui yu wazi, mara humtoa askofu wake mhanga ili apate njia ya kumfukuza. Mwenziwe, katika mahali pale pale, humwona askari dhaifu pembeni, akaanza kumzingira polepole. Wote wawili waweza kushinda. Lakini wengi wetu twachanganya asili na udhaifu. Yule asemaye, "Mimi ni mshambuliaji," mpe mfalme, ngome na askari mmoja juu ya mfalme na ngome tu, kisha umtazame. Mara nyingi hajui pa kuanzia. Hiyo si asili yake, bali ni somo ambalo hajalisoma. Na yule ajiitaye mtulivu, huenda ni mwoga tu wa kuhesabu hatua.

Dawa ya kwanza, basi, ni daftari. Mchezaji aandike michezo yake yote, kisha atazame kumi aliyoshindwa, atie alama mahali kila mmoja ulipoharibika. Ikiwa aliharibu kwa sababu alitoa kete mhanga bila kuhesabu, hakuna haja ya kumkataza kushambulia, afundishwe kuhesabu. Ikiwa aliharibu baada ya malkia wote kutoka, basi kasoro yake i katika mwisho wa mchezo, na kumwambia "tulia" hakumsaidii neno.

Tutazame yaliyotokea Buenos Aires, Argentina, mwaka 1927. Bingwa wa dunia alikuwa José Raúl Capablanca wa Cuba, ambaye kwa miaka minane, tangu 1916 hata 1924, hakushindwa hata mchezo mmoja wa mashindano. Mchezo wake ulikuwa mwepesi na safi: hubadilishana kete, akabaki na faida ndogo, akaikuza mpaka ikamtosha. Mshindani wake alikuwa Alexander Alekhine, Mrusi aliyehamia Ufaransa, mtu aliyesifiwa kwa mashambulio makali. Kabla ya hapo Alekhine hakupata kumshinda Capablanca hata mara moja.

Ungedhani mtu huyo angekuja na moto. La! Aliichungua michezo ya bingwa mmoja mmoja, akaona kwamba hata yeye ana makosa yake, kisha akaenda kupigana naye katika uwanja wake mwenyewe. Katika michezo 34 waliyocheza, 32 ilianza kwa ufunguzi mmoja tu ulio mtulivu, Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa. Michezo 25 ikawa sare. Alekhine akashinda 6 na Capablanca 3. Mchezo wa mwisho ulikwenda hatua 82, na mshambuliaji yule alilipata taji katika mapambano ya ngome, kwa ziada ya askari mmoja.

Je, alikuwa ameiacha asili yake? Mwaka 1930 huko San Remo, Italia, alicheza michezo 15, akashinda 13 na kutoa sare 2, na mashambulio yake yalikuwa makali vile vile. Alikuwa ameongeza chumba katika nyumba, hakuibomoa.

Mfano wa pili ni Mikhail Tal wa Riga, mshambuliaji wa kuogopesha, aliyemshinda Mikhail Botvinnik mwaka 1960 akiwa na miaka 23 tu. Mwaka uliofuata Botvinnik, mtu wa miaka 49, alilirudisha taji kwa pointi 13 kwa 8, akimvuta Tal kwenye michezo iliyofungamana na ile ambayo malkia wametoka. (Haki yataka tuseme pia kwamba Tal alikuwa akisumbuliwa na figo.) Tal hakuacha kushambulia, lakini kadiri miaka ilivyopita alijifunza subira, na kati ya Oktoba 1973 na Oktoba 1974 alicheza michezo 95 bila kushindwa, 46 katika hiyo akiwa mshindi.

Hatari kubwa ni kubadili wakati usiofaa. Anayebadili mchezo wake wiki moja kabla ya mashindano hulazimika kufikiri juu ya mambo ambayo zamani aliyafanya bila kufikiri. Saa yamkimbia, na hofu yamwingia. Kwa hiyo nashauri siku ya mashindano kila mtu acheze anavyojua.

Siku za mazoezi ndizo za kujifunza jambo geni. Kwa muhula mmoja mshambuliaji acheze michezo ambayo malkia wote wawili wametolewa ubaoni tangu mwanzo. Watulivu nao wasisahauliwe, maana ubishi wetu umewaelemea wenzao peke yao: kila wiki watoe askari mmoja bure, ili walazimike kutafuta njia ya kumfikia mfalme kabla upungufu ule haujawaangamiza. Wiki za kwanza wote watashindwa sana, hata na wadogo zao nyumbani, na wazazi wasione ajabu. Mbao zipo katika chumba cha jiografia kila Jumatano baada ya masomo.