Likizo Nafuu Huanza kwa Mpango

Wahenga walituachia kauli mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zinapingana. Ya kwanza yatuhimiza: tembea uone. Ya pili yatuonya: mtembezi hula miguu yake. Mimi huziona kuwa kauli moja iliyogawanywa nusu mbili. Aendaye kwa mpango huona; aendaye kwa kufuata mkumbo huila miguu yake, na siku hizi huila pia akiba yake na karo ya wanawe.

Nayasema haya kwa sababu hapa Ziwa, katika Kaunti ya Uasin Gishu, kila muhula unapokaribia kwisha suala la likizo huzuka katika chumba cha walimu na kuzimika papo hapo. Mmoja hutaja Mombasa, mwingine huguna. Wapo wasemao kwamba likizo ni jambo la Wazungu. Kwetu sisi shule zikifungwa mwalimu hushika jembe. Wanafunzi nao huuliza kwa ujasiri ambao sisi watu wazima tumeupoteza: "Mwalimu, nitahitaji nini nikitaka kwenda kuiona Ulaya?" Swali hilo lastahili jibu, si kicheko. Jibu langu ndilo makala haya, ijapokuwa litapitia Ulaya na kutua karibu na nyumbani.

La msingi ni kufahamu kwamba gharama na msongamano ni pacha. Watu wengi wakikitaka chumba kimoja, kitanda kimoja na kiti kimoja cha basi katika juma moja, bei haina budi kupanda. Anayelalamikia bei, kwa kweli analalamikia umati. Na mara nyingi yeye mwenyewe ni sehemu ya umati huo.

Itazame Ulaya kila Julai na Agosti. Shule za huko hufungwa wakati wa kiangazi, kazi nyingi hupunguzwa, na mamilioni ya watu huondoka majumbani kwa pamoja kuelekea pwani zile zile na miji ile ile. Matokeo yake tumeyaona. Mnamo Aprili 2024 mji wa Venice, Italia, ulianza kuwatoza yuro 5 wageni wanaoingia na kutoka siku hiyo hiyo, katika siku maalumu zenye wageni wengi. Julai mwaka uo huo, wenyeji wa Barcelona, Uhispania, waliandamana kuwapinga watalii, na baadhi yao wakawarushia maji wageni waliokuwa wakila mikahawani. Aliyejinyima mwaka mzima ili afike huko alikaribishwa kwa kumwagiwa maji. Je, hiyo ni likizo?

Hata hivyo, tusiwacheke Wazungu kwa kupenda mapumziko. Likizo ya mtu wa kawaida haikushuka kama mvua, ilipiganiwa. Ni mwaka 1936 tu, baada ya migomo mikubwa, ndipo wafanyakazi wa Ufaransa walipopewa kwa sheria majuma mawili ya likizo yenye malipo kila mwaka, na wengi wao wakaiona bahari kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, tarehe 5 Julai 1841, seremala Mwingereza aitwaye Thomas Cook aliwakusanya watu wapatao 500 na kuwasafirisha kwa gari moshi kutoka Leicester hadi Loughborough, kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Kila mmoja alilipa shilingi moja tu. Siri ya bei hiyo ilikuwa ni watu kuungana, kulipa mapema na kwenda mahali pa karibu. Mtu wa Ziwa aliyewahi kuwa katika chama cha akiba hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Sasa turudi kwetu. Kalenda yetu ya shule hutupa mapumziko mara tatu: Aprili, Agosti, na yale marefu ya mwisho wa mwaka. Sisi nasi tumejifunza kuondoka kwa pamoja. Agosti, wakati nyumbu wanapovuka Mto Mara, bei za malazi ya huko hupangwa kwa mfuko wa mgeni wa ng'ambo. Krismasi ikikaribia, nauli za matatu na mabasi hupaa, na Mombasa hufurika. Ziara za shule nazo hufuata mkumbo huo huo. Niliwahi kuandamana na wanafunzi wa shule moja ya eneo letu hadi Nairobi. Tuliondoka usiku wa manane, tukafika tukiwa hoi, tukakuta mabasi ya shule nyingine yamepanga foleni mbele yetu. Wanafunzi waliona migongo ya wenzao kuliko walivyowaona simba. Lililoniuma zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya darasa walibaki nyumbani, kwa kuwa wazazi wao hawakuweza kuzimudu gharama. Somo lililogharimu hivyo likawa la wenye nacho pekee.

Nimeahidi kumjibu anayeiota Ulaya, nami namjibu hivi. Kwanza, aielewe njia. Mkenya anayekwenda kutembea katika nchi 29 za eneo la Schengen huhitaji viza. Ada yake kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, wala yasicheleweshwe hadi chini ya siku kumi na tano. Hupelekwa kwa ubalozi wa nchi atakakokaa siku nyingi zaidi, au kwa wakala wake. Mwombaji huonyesha bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, mahali atakapolala, uwezo wake wa kifedha, na ithibati kwamba ana kazi au masomo ya kurudia. Asinunue tikiti isiyorudishiwa fedha kabla ya kupata viza.

Pili, achague wakati. Hapo mwalimu wetu ana bahati asiyoijua. Mwisho wa mwaka, wakati shule zetu zimefungwa, Ulaya imetulia. Umati wa kiangazi umekwisha kurudi makazini, na masoko ya Krismasi bado hayajapamba moto. Asiyesimamia wala kusahihisha mitihani ya kitaifa aweza kuondoka Novemba, akalipia kitanda bei ya chini na kuingia katika majumba ya makumbusho bila kusukumana. Nisimfiche: kutakuwa na baridi, na mjini London mwishoni mwa Novemba jua huzama yapata saa kumi jioni. Lakini mtu wa Uasin Gishu, aliyezoea asubuhi zenye umande wa barafu juu ya nyasi, hatakufa kwa baridi akiwa na koti zito.

Tatu, achague mahali. Badala ya kulala Venice, aweza kulala Padova, mji wa chuo kikuu ulio mwendo wa takriban nusu saa kwa gari moshi. Huko Galileo alifundisha hisabati kuanzia 1592 hadi 1610, na bustani ya mimea ya chuo hicho ilianzishwa mwaka 1545. Mwalimu wa sayansi atafaidika zaidi hapo kuliko kusimama kwenye daraja akipigana vikumbo, na Venice yenyewe ataizuru mchana na kurudi.

Hata hivyo, nauli ya ndege pekee hula mishahara kadhaa ya mwalimu. Kaunti yetu imekwisha kuonja uchungu wa kutoa fedha nyingi kwa ajili ya Ulaya bila uhakika. Mwaka 2023 wazazi walimiminika mjini Eldoret wakidai kurejeshewa fedha walizotoa ili wana wao wakasome Finland na Kanada. Baadhi ya familia zilikuwa zimeuza mashamba na mifugo. Hao walikuwa wakitafuta elimu, wala hakuna awezaye kuwalaumu. Lakini ikiwa kwa ajili ya elimu tu shamba huweza kupotea, basi kwa ajili ya matembezi halifai hata kuwekwa rehani. Ulaya iwe safari ya akiba ya miaka, kamwe isiwe ya mkopo.

Katika miaka hiyo ya kuweka akiba, je, tukae bure? La hasha. Kanuni ile ile ya wakati na mahali yatufungulia milango iliyo wazi siku zote, ila tumezoea kuipita.

Umbali wa kwenda na kurudi kwa siku moja, karibu na Kitale, ipo Mbuga ya Taifa ya Saiwa. Ilitengwa mwaka 1974 na ukubwa wake ni kilomita tatu hivi za mraba, ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini. Ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka asizame matopeni. Akihofu, huzama majini na kuacha pua tu. Magari hayaingii humo. Mgeni hutembea kwa miguu juu ya njia za mbao na kupanda minara ya kutazamia, alfajiri au jioni, na aghalabu huwa peke yake na ndege. Ni mwanafunzi yupi wa Ziwa asiyeweza kuimudu mbuga ambayo gari lake ni miguu?

Mjini Kitale kwenyewe lipo jumba la makumbusho lililoanza na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, miaka ya 1920, kisha likafunguliwa kwa umma mwaka 1974. Humo mna vipepeo, ndege na vyombo vya jadi vya jamii zetu, na nje mna msitu wenye njia ya kutembea. Tukisonga mbele hadi Kapenguria, twakuta jela walimozuiliwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kesi yao ilianza Desemba 1952 na hukumu ikatolewa Aprili 1953. Ilisikizwa katika jengo la shule. Hebu fikiri mwalimu wa historia akiwaeleza wanafunzi jambo hilo wakiwa wamesimama ndani ya vile vyumba vya mahabusu, pasipo mtu wa kuwaharakisha. Kitabu gani kingefundisha hivyo?

Mwenye siku mbili aende Mlima Elgon, uliotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968. Ndovu wa huko huingia usiku katika pango la Kitum na kukwangua kuta zake kwa pembe wakitafuta chumvi. Mapangoni asiingie bila ruhusa na uongozi wa askari wa mbuga, wala asiguse popo. Wageni wawili walioambukizwa homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamezuru pango hilo. Upande wa mashariki ipo Iten, penye mwinuko wa mita 2,400 hivi, ambapo ardhi hukatika ghafla na Bonde la Kerio likatandazwa miguuni pa mtazamaji. Hapo ndipo shule ya St. Patrick's ilipomlea Peter Rono, mshindi wa mita 1,500 katika Olimpiki ya 1988.

Iten yatufunza jambo jingine. Wakimbiaji wa Ulaya huja huko wakati wa baridi ya kwao, hupanga chumba cha kawaida, hula ugali na sukuma wiki, na kukaa majuma kadhaa mahali pamoja. Wamechagua wakati, wamechagua mahali, na wana shabaha. Wanatoka Ulaya kuja kupata kwetu ile likizo tunayodhani ipo kwao.

Basi mpango wenyewe ni upi? Kwetu kaskazini mwa Bonde la Ufa, mwezi wa Novemba ni wa kuvuna mahindi, na mikono ya watoto yahitajika nyumbani. Mavuno yakiisha, mvua huwa imekatika na njia zimekauka. Majuma ya kwanza ya Desemba, kabla nauli hazijapanda, ndiyo wakati wetu. Walimu na wazazi waanzishe chama mwezi Januari na kuweka kidogo kila juma, ili hata mtoto wa kibarua awe na kiti ndani ya basi. Ada za mbuga hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, na Mkenya, hasa mwanafunzi, hulipa kidogo kuliko mgeni, ziulizwe mapema. Chakula kibebwe kutoka nyumbani. Na kila msafara uwe na swali unalokwenda kulijibu, sio picha za kujionyesha tu.

Najua wapo watakaosema kwamba mtoto wa bara anastahili kuiona bahari. Nami nasema aione, ila asiione akiwa amebanwa katika umati wa mkesha wa Krismasi. Treni ya Nairobi hadi Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hukatiwa tikiti mapema, na mwanzoni mwa Desemba fukwe bado zina nafasi.

Walimu wakuu, mnapoketi kuipanga ziara ya mwaka ujao, msiulize kwanza shule jirani imekwenda wapi. Ulizeni ni watoto wangapi watakaobaki nyumbani kwa kukosa fedha. Ziara itakayomwacha nyumbani mtoto mmoja pekee, hata ikiwa ni ya kumtafuta nzohe katika kinamasi kilicho karibu, ni bora kuliko ile ya mbali itakayowaacha ishirini. Nanyi wanafunzi mnaoiota Ulaya, endeleeni kuiota. Lakini jifunzeni kutazama mkiwa hapa. Asiyejua kuitazama Saiwa, Venice pia ataipita tu.