“Prevent” Haihitaji “Not”

Baada ya “prevent”, “not” iwekwe wapi? Swali hili limenifikia tena, mara hii kutoka kwa mwandishi wa bango la kisima. Jibu ni lilelile: isiwekwe popote.

Alikuwa ameandika: “The fence prevents children from not falling in.” Maana yake, uzio unawanyima watoto nafasi ya kutotumbukia, yaani uzio ndio unaowatumbukiza. Sidhani kamati ya maji ilichangisha fedha kwa kazi hiyo.

Kosa hili ni la Mswahili hasa. Sisi husema uzio unawazuia watoto wasitumbukie, na hiyo “-si-” iko mahali pake. Wafaransa nao, baada ya “empêcher que”, huchomeka “ne” isiyokanusha kitu. Msomaji wa Bukavu aliyepitia Kifaransa anaijua. Kiingereza cha leo hakina mchezo huo. Ukanushi umo tayari ndani ya “prevent”, na ukiongeza “not” unaufuta.

Hapo hujitokeza bingwa wa twisheni na dawa yake: weka tu “not”, inatia mkazo. Mkazo gani? Kifungu cha mkataba kinachomzuia mpangaji “from paying” kinamkataza kulipa. Kinachomzuia “from not paying” kinamlazimisha alipe. Neno moja, na kodi imebadili upande. Wengine hujitetea kwamba msomaji ataelewa tu. Ataelewa akiwa anajua Kiswahili, kwa kukisia ulichotaka kusema na kuipuuza sentensi yako. Wakili wa upande wa pili halipwi kwa kukisia.

Yupo pia anayeniletea Biblia ya King James ya 1611, ambamo “prevent” ni kutangulia, kama ilivyokuwa katika Kilatini. Kweli kabisa, na haisaidii kisima.

Haya, upesi. Likifuata jambo: “prevent malaria”. Akifuata mtu: “prevent him from going”. Waingereza huweza kuiacha “from”, Wamarekani kwa kawaida hawaiachi. Ibakize, hutakosea kwa yeyote. “Prevent him to go” haipo. Unalolikwepa mwenyewe ni “avoid”. Lililokwisha kuanza ni “stop”, na gari lililozuiwa na trafiki barabarani ni “stopped” vilevile. “Preventive” na “preventative” zote ni sahihi, na hilo msiniulize tena.