Samaki Mmoja, Majina Mengi: Modeli za Maarifa Mahususi kwa Mfano wa Ziwa Tshangalele

Ziwa Tshangalele, lililo mashariki ya Likasi, halikuwapo kabla Mto Lufira haujazuiliwa huko Mwadingusha ili kuzalisha umeme wa migodi. Kituo hicho kilianza kazi mwaka 1930. Tangu hapo ziwa limewalisha wavuvi wa Kapolowe na vijiji jirani, na papo hapo limekuwa likipokea, kwa njia ya Mto Panda, maji yatokayo katika viwanda vya kuchenjua shaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wamekuta shaba, kobalti, risasi na kadimi katika matope na samaki wa bonde hilo. Swali la mlaji ni fupi: yupi aliwe, yupi aachwe? Lakini ili kompyuta isaidie kulijibu, hapana budi kwanza ielezwe samaki ni nini.

Kueleza huko ndiko kuitwako uundaji wa modeli. Kabla programu haijaandikwa, hubainishwa vitu vya uwanja unaohusika, sifa zake na mahusiano yake. Mwaka 1976 Peter Chen alipendekeza modeli ya vitu na mahusiano, ambayo ingali msingi wa kusanifu hifadhidata. Mwaka 1993 Tom Gruber aliieleza ontolojia kuwa ni ubainishaji wa wazi wa dhana za uwanja fulani, na mwaka 1997 lugha ya michoro ya UML ikasanifishwa. Njia hizi zinatofautiana kwa umbo, lakini zote huanzia kwenye maneno ya wenye kazi. Hapo ni mahali pa mwanaisimu, ijapokuwa aghalabu huitwa baadaye, fomu zikiwa zimekwisha kupigwa chapa, ili azitafsiri tu.

Lichukuliwe neno "tilapia". Sokoni neno hilo laweza kumtaja Oreochromis macrochir, ambaye hula miani na mabaki yaliyotuama chini, au Coptodon rendalli, ambaye chakula chake kikubwa ni mimea ya majini. Kwa anayechunguza metali iliyolala katika matope, tofauti hiyo si ndogo. Fomu yenye nafasi moja tu ya "samaki" huizika, na humzika pamoja nao kambale, ambaye hukaa chini na hula karibu kila kitu. Wala jina la kisayansi si kimbilio salama: huyo wa pili alijulikana kwa miaka mingi kama Tilapia rendalli, hata mwaka 2013 Coptodon ilipopandishwa kuwa jenasi. Kwa hiyo modeli nzuri hulitenga jina na kiumbe. FishBase, hifadhidata iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1980, huyaweka majina ya kienyeji katika jedwali lao wenyewe, kila jina na lugha yake na nchi yake, ili "perege" wa Tanzania aweze kuelekezwa kwa spishi zaidi ya moja bila jedwali kuvurugika.

Hatari kubwa zaidi imo katika hali ya samaki. Nyama ya samaki mbichi ni maji kwa takriban robo tatu au zaidi, hivyo kipimo cha metali kwa kilo ya samaki mkavu huweza kuwa mara nne au tano ya kile cha mbichi, ilhali samaki ni yuleyule. Anayezichanganya namba hizo humtisha mlaji bure au humtuliza isivyostahili. Mvuvi hawezi kuuchanganya mbichi na mkavu. Msanifu wa hifadhidata aweza, kwa sababu hakuuliza.

Hata "karibu" ni neno la kubainishwa. Utafiti juu ya metali katika miili ya wakazi wa Katanga, uliochapishwa mwaka 2009, uliwahesabu walio chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani kuwa karibu sana. Mpaka wa namna hiyo wafaa kwa vumbi. Metali ipitayo mtoni, ikaingia katika samaki na kufika sahanini, haifuati rula. Kwayo modeli inahitaji uhusiano mwingine, wa kaya na maji yanayoilisha, nao hauonekani kwenye ramani.

Kuna hatari ya upande wa pili pia: mtaalamu akiisha kuonja utamu wa kubainisha, huongeza nafasi hadi fomu ikose wa kuijaza. Karani anayekaa ufukoni mitumbwi inapowasili, jua likiwaka na wachuuzi wakigombea bei, anaweza kuuliza mambo manne: mvuvi anamwitaje samaki huyu, amevuliwa sehemu gani ya ziwa, anauzwa mbichi au mkavu, na anapelekwa kuliwa wapi. Spishi na ijazwe baadaye na mwenye ujuzi, kwa kutazama picha.