Maji ya rejeta yanakopotelea: Jinsi ya kusaka mvujo katika gari kuukuu

KATIKA barabara za vumbi zinazoelekea machimbo ya dhahabu ya Osiri, Kaunti ya Migori, si ajabu kuona pikapu ya Peugeot 504 ikiwa imesimama kando, boneti wazi, dereva akisubiri ipoe ili aongeze maji. Wengi huichukulia hali hiyo kuwa tabia ya gari lililozeeka. Hata hivyo, maji ya injini huzunguka katika mfumo uliofungwa, na yanapopungua kila siku kuna mahali yanakokwenda.

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, ikashinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, na ikaunganishwa humu nchini Kenya. Injini yake husifiwa kwa ustahimilivu, lakini ina siri moja ambayo fundi mwenye pupa huijua akiwa amechelewa.

Hatari ya kupuuza mvujo ni kubwa. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yasiyo na shinikizo huchemka yakiwa na joto la nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta huzuia jambo hilo kwa kuyaweka maji chini ya shinikizo. Mfumo unapovuja, shinikizo hupotea, maji huchemka mapema, na hedi ya injini, ambayo ni ya aluminiamu, huweza kupinda.

Uchunguzi huanza injini ikiwa baridi kabisa. Kufungua rejeta ya moto hurusha mvuke na maji yawezayo kuunguza uso na mikono. Mfumo ujazwe, kisha katoni safi itandazwe chini ya gari usiku kucha. Doa chini ya rejeta huelekeza kwenye rejeta yenyewe au mpira wake wa chini. Doa nyuma ya feni humaanisha kuwa pampu ya maji inafaa kukaguliwa, kwani ina kitundu kinachotoa matone sili yake inapokwisha. Zulia lililolowa miguuni pa abiria huashiria rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari.

Mvujo mwingine hutokea injini ikiwa moto tu, na matone hukauka kabla ya kufika chini. Huo huacha michirizi ya kutu, nyeupe au ya kijani kwenye viungo vya mipira na kandokando ya injini, palipo na vizibo vya chuma ambavyo huliwa na kutu gari likitumia maji matupu kwa miaka mingi.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, ambayo hufungwa kwenye mdomo wa rejeta. Hewa hujazwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, wala si zaidi. Mshale ukishuka na tone lionekane, mvujo umepatikana. Kifuniko nacho kipimwe, kwa kuwa springi iliyolegea humwaga maji kupitia kijibomba cha ziada, na mwenye gari akadhani injini imeharibika.

Mshale ukishuka bila tone lolote kuonekana nje, huenda maji yanaingia ndani ya injini. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta, au plagi moja iliyosafika kuliko nyingine. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni onyo la kutowasha injini tena, kwani oili hiyo hailindi beringi. Hata hivyo, utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee si ushahidi, maana safari fupi fupi huuleta pia.

Hapa ndipo siri ya 504 inapojitokeza. Silinda zake ni mirija ya chuma inayoweza kutolewa, ambayo husimama katikati ya maji na kuzibwa kwa sili sehemu ya chini. Hedi ikiondolewa, hakuna kinachoikandamiza mirija hiyo. Fundi akizungusha injini kabla ya kuifunga kwa vibano, mirija huinuka, sili zikaachia, na maji yakashuka hadi kwenye oili. Gari lililoletwa kwa sababu ya gasketi ya hedi, au hata kifuniko kibovu, huondoka na ugonjwa mpya ulio mbaya zaidi.

Ndiyo maana kuondoa thamostati au kumwaga dawa ya kuziba ndani ya rejeta hakufai kutangulia uchunguzi. Dawa hizo huweza kuziba njia nyembamba za rejeta, na injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake la kawaida huku mvujo ukiendelea.

Kwa mwenye pikapu inayomlisha, katoni ya usiku mmoja na kipimo cha shinikizo ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kuifungua injini nzima. Fundi anayetaka kuondoa hedi aombwe kwanza aonyeshe maji yanakopitia.